Mtaliani Aliyeosha Kikombe

Wiki iliyopita mjukuu wangu wa kike aliniuliza swali la kawaida kabisa. Anasoma sana hadithi za upelelezi, amemaliza zote alizoweza kuazima, na sasa alitaka nimtajie waandishi wengine. "Bibi, zamani zenu mlikuwa mkimpenda nani? Nianze na nani?" Nikafungua mdomo kumjibu, na kabla sijatamka neno pua yangu ikajaa harufu ya karatasi iliyoingia chumvi, gundi iliyoliwa na mende, na mafuta ya cherehani. Nikamwambia aniache kwanza nifikiri. Alipotoka nilibaki nimekaa kitandani mpaka adhana ya alasiri, na hata sikuwa nafikiri habari za waandishi.

Wenzangu mliokulia Kismayu na visiwani kwetu siku za Mtaliani, huenda mliwahi kuviona vitabu vile. Majalada yake yalikuwa ya njano, njano ya kiini cha yai, na ndani yake mtu alikuwa ameuawa. Mimi sikuwahi kusoma hata kimoja, kwani Kitaliani nilikijua cha sokoni tu. Nilivisikia kwa mdomo wa Shangazi Mwanamize.

Shangazi alikuwa dada yake baba. Baba alikuwa fundi wa kujenga mashua huko kisiwani Chovae, na nilipofika umri wa kusoma alinipeleka Kismayu nikae na dada yake, niende chuoni nikahitimu Kurani, na nimchangamshie nyumba, maana alifiwa na mume na hakujaliwa mtoto. Udogoni mwake Shangazi alilelewa miaka michache kwenye chumba cha kushonea cha masista wa Kitaliani. Alitoka kule na mambo mawili: cherehani na kusoma. Dini hawakumbadilisha, alikuwa akisema, ila walimwachia ugonjwa wa kutaka kujua mwisho wa kila kitu.

Aliwashonea wake wa Wataliani. Mmoja wao, mke wa msimamizi wa ghala la pamba, ndiye aliyekuwa akimpa vitabu akishamaliza kuvisoma. Sisi tulimwita Sinyora tu, na mumewe tulimwita Bwana wa Ghala. Sinyora alikuwa mwanamke mpole, mwenye mikono ya baridi, anayecheka kwa kujiziba mdomo. Alikuwa akinipapasa kichwa na kusema neno ambalo Shangazi aliniambia maana yake ni kijisungura.

Alasiri wanawake wa mtaani walikuja na ukili wao wa kusuka, wakakaa ukumbini, na Shangazi huku anakanyaga cherehani alikuwa akiwasimulia kwa Kibajuni alichokisoma asubuhi. Waandishi wenyewe walikuwa na majina ambayo ndimi zetu hazikuyaweza, kwa hiyo kila mmoja tulimpa jina la nyumbani. Kulikuwa na Wa Mvua, kwa sababu katika vitabu vyake vyote mvua ilinyesha tangu ukurasa wa kwanza, na mpelelezi wake alikuwa mzee mjane anayelalamikia magoti. Kulikuwa na Wa Daktari, ambaye mpelelezi wake alikuwa daktari wa meli. Kila kitabu bandari nyingine, na kila bandari maiti mwingine. Na kulikuwa na Wa Mshona Viatu, mwandishi mwanamke. Mpelelezi wake alikuwa fundi mwenye kibanda katika mji wa milimani, ambaye aliwatambua wauaji kwa jinsi soli zao zilivyolika.

"Huyo ndiye mwandishi," alikuwa akisema Halimo, jirani yetu Msomali aliyejua Kibajuni kutushinda baadhi yetu. "Abaayo, dada yangu, huyo Daktari wako anarukaruka tu. Leo huku, kesho kule. Hata maiti hatujamzoea, keshang'oa nanga."

Shangazi alikuwa na ushauri wake kwa kila mgeni aliyeingia barazani kwa mara ya kwanza. "Wewe nitakuanzia na Wa Mvua, kila kitabu chake kinajitosheleza. Wa Mshona Viatu sharti umfuate kwa mpango, kwa sababu binti wa fundi anakua, na ukiruka kitabu hutajua kwa nini hasemi na babake. Wa Daktari mwache mpaka uwe na homa, huna kazi."

Mimi nilikuwa nakaa chini ya meza ya kukatia, naokota vipande vya vitambaa, na niliamini kila neno. Hakuna aliyenieleza kwamba mambo yale yalitungwa. Kwa akili yangu, vitabu vya njano vilikuwa taarifa. Nilijua kwamba Wataliani huko kwao huuana kwa sumu na visu na kusukumana ngazini, kisha mtu huandika, na wakishaandika hutuletea sisi tusome, labda ili tujue wao ni watu wa namna gani.

Basi siku moja alikuja Lali. Alikuwa mtu wa Chovae kama sisi, rafiki wa baba tangu utoto, na alikuwa mpishi nyumbani kwa Bwana wa Ghala. Alikuwa na mazoea ya kupita kwetu akitoka sokoni, anaweka kapu mlangoni na kutupa habari za kule ndani. Siku ile aliingia anacheka mwenyewe.

"Leo nimeona ajabu," akasema. "Nimemwona Mtaliani anaosha kikombe."

Wanawake wakacheka kweli. Halimo akauliza kama jua lilitokea upande wake wa siku zote.

"Wallahi. Siku hizi kahawa ya jioni ya mkewe anaichukua yeye mwenyewe. Mimi napika, yeye anaingia jikoni, ananitoa, anamimina, anampelekea. Kisha anarudi na kikombe, anakiosha, anakifuta, anakitungika. Bwana ambaye kijiko kikianguka hunipigia kengele nije nikiokote."

"Mapenzi hayo," akasema mmoja.

Shangazi alikuwa ameinua mguu wake kutoka kwenye kanyagio la cherehani. Hakucheka. "Tangu lini, Lali?" akauliza.

"Tangu Sinyora alipoanza kuumwa tumbo. Au kabla kidogo. Sikumbuki."

Shangazi akarudisha mguu, akashona mshono mrefu, kisha akaufumua wote kwa sababu ulikwenda upande.

Baada ya siku ile baraza haikuwa tena kama mwanzo. Alikuwa akisimulia, lakini katikati ya maneno ananyamaza na kutazama gauni lililotundikwa ukutani. Lilikuwa gauni la Sinyora la rangi ya maziwa. Kila aliporudi kutoka kumpima alikuwa analipunguza kiunoni, na akilipeleka analirudisha tena lipunguzwe. Siku moja nilimsikia akimwambia Halimo polepole kwamba nywele za Sinyora zinabaki kwenye pini. Daktari wa Kitaliani, akasema, ameandika malaria. "Basi ni malaria," akasema Halimo. "Sisi sote tunayo."

Ndipo alipoanza kupika asubuhi mapema, vitu ambavyo hatukuwa tukila siku za kazi: mkate wa mofa uliotoka sasa hivi, yai la kuchemsha, supu ya samaki ndani ya kopo lenye kifuniko. Alivifunga kwenye kitambaa, akavifukia chini kabisa ya nguo alizokuwa anampelekea Sinyora, na juu akaweka karatasi za mitindo na utepe wa kupimia. Nilinyoosha mkono kwenye mkate. Akanipiga kiganjani, yeye ambaye hakuwa akinipiga.

"Usiguse. Si chako hicho."

"Cha nani?"

"Hukuniona nikipika, umesikia? Mchu akikuuliza, hukuona kichu."

Nikaenda chuoni na kiganja kinaniwasha. Nilikuwa nimeshasikia vitabu vingi mno vya njano. Mwanamke anapika kwa siri, anaficha chakula chini ya nguo, anampelekea mgonjwa, na mgonjwa hapati nafuu. Ningekuwa chini ya meza na hadithi hiyo inasimuliwa, ningemtambua muuaji kabla ya Halimo.

Nilijaribu kutolifikiri. Lakini siku moja mwalimu wetu aliitwa mazishini akatufungua mapema, na nikarudi kwa njia ya nyuma, kupitia uwanja wa jikoni uliozungushiwa makuti. Nikasikia sauti ya Lali, ikiwa chini. Nikasimama.

"Atakufa," Shangazi alikuwa anasema. "Haumalizi mwezi huu. Nami nimekatazwa nisiende tena, kwa hiyo imekwisha."

"Una hakika?"

"Yote ni kama ilivyo kitabuni, Lali. Nywele, kucha, tumbo. Sasa nisikilize. Akifa wewe usiwe hapa. Nenda leo. Shuka Ras Kamboni, uvuke Kiunga. Kule ni kwa Mwingereza, hawakufuati."

"Na wewe?"

"Mimi nabaki. Tukitoweka sote wawili, itakuwa tumekiri."

Nilirudi nyuma bila kuyagusa makuti. Nikazunguka mtaa mzima, nikaingia kwa mlango wa mbele, nikaitikia salamu. Shangazi alinipakulia wali. Niliutazama. Nikasema tumbo linaniuma, na mara nilipotamka hivyo nikaona uso wake unabadilika rangi, akaja kunishika paji la uso. Nilijikaza nisijitoe mkononi mwake. Tangu siku ile nilikula kwa Halimo, au nilikula tende za chuoni, au nilikula tu vitu ambavyo nilimwona yeye mwenyewe ameshavila.

Lali hakuonekana tena sokoni. Na Sinyora alikufa, kama Shangazi alivyosema.

Walimzika asubuhi, upande wa makaburi yao, na magari machache na padri. Shangazi alikaa ukumbini na gauni la rangi ya maziwa mapajani, lililopunguzwa mpaka likawa kama la msichana. Alilia bila sauti. Nami nilimtazama akilia na nikajiuliza kama wauaji hulia. Kwenye vitabu vya Wa Mvua walikuwa wanalia sana.

Wataliani wengine walianza kunong'ona. Mke wa ofisa mmoja alisema malaria ya namna ile hajaiona. Minong'ono ilipofika masikioni mwa Bwana wa Ghala, hakungoja. Alikwenda mwenyewe kwa karabinieri, polisi wao, akasema mpishi wake ametoroka siku chache kabla ya msiba, na kwamba mpishi huyo alikuwa na mazoea nyumbani kwa mshonaji anayesoma vitabu vya sumu.

Walikuja kwetu kabla ya adhuhuri. Brigadia wa Kitaliani aliyekuwa mkubwa wao, askari wawili Wasomali, na mkalimani aliyekuwa mtu wa mtaani kwetu, ambaye siku ile alijifanya hatujui. Walivuta vitabu vyote vya njano kutoka chini ya kitanda wakavirundika juu ya meza ya kukatia. Brigadia alikuwa mtu mnene, mwenye jasho, na sauti yake haikupanda hata mara moja. Alichukua kimoja, akakigeuza, akasoma mgongo wake. Akamwuliza Shangazi jambo, Shangazi akamjibu kwa Kitaliani, na nikaona mkalimani amekodoa macho.

Baadaye Shangazi aliniambia yalikuwa mazungumzo gani. Brigadia alimwuliza katika waandishi hawa anampenda yupi zaidi. Shangazi akajua kwamba jibu lake linapimwa. Akasema anampenda Wa Mvua, kwa sababu kwake wasio na hatia hurudi nyumbani mwisho wa kitabu. Brigadia akasema yeye anampenda yule mwanamke wa viatu, na kwamba hiki alichoshika hakukipata huko kwao. Akakitia mfukoni. Kisha akamwambia Shangazi avae baibui yake waende.

Askari walipomtoa nje, brigadia alibaki. Alivuta kiti cha cherehani, akakaa mbele yangu, magoti yake yakikaribia kugusa yangu. Halimo alikuwa amesimama mlangoni, wamemzuia asiingie.

"Sema kweli," mkalimani aliniambia. "Mpishi Lali alikuja hapa?"

"Ndiyo."

"Alikuja kufanya nini?"

Nilimwona Shangazi kupitia dirishani, nje juani, akiwa amesimama wima kati ya askari. Hakugeuka. Kama angegeuka akanitazama labda ningesema yote, kwa sababu nilikuwa namwogopa. Lakini niliona kisigino chake tu. Kamba ya kiatu ilikuwa imekatika, na ameifunga kwa uzi mwekundu wa kushonea, uzi ambao jana yake mimi ndimi niliyemtungia kwenye sindano.

"Alikuja kupimwa kanzu ya Idi," nikasema.

"Walizungumza nini?"

"Alisema ile ya zamani inambana makwapani." Nilikumbuka kwamba kwa Wa Mshona Viatu anayesema kweli husema na jambo moja dogo lisilo na maana. "Na akasema anataka mfuko mmoja tu, kwa sababu mifuko miwili inampotezea vitu."

Mkalimani akafasiri. Brigadia akauliza jambo jingine.

"Shangazi yako alikuwa anapeleka chakula kwa Sinyora?"

"Hapana. Nguo tu."

"Hujawahi kumwona amepika kitu akakipeleka?"

"Chakula chetu chenyewe hakitutoshi," nikasema, na Halimo pale mlangoni akaingilia kwa Kisomali, kwa hasira, kwamba mimi hula kwake kila siku kwa sababu mle ndani hakuna kitu, nani basi apeleke chakula kwa Mtaliani? Hakujua ananisaidia nini. Brigadia akasimama. Aliniwekea mkono begani, mzito, wa joto, kisha akaenda zake.

Shangazi alirudi kesho yake jioni, jua bado lipo. Hawakumpiga. Walimweka kwenye kiti, wakamwuliza maneno yaleyale mpaka yakaisha. Mwisho walikubaliana kwamba muuaji ni Lali, na Lali hayupo, na walionekana wote wameridhika kuwa na muuaji ambaye si lazima wamtafute. Shangazi aliniambia hayo akiwa ameegemea mlango, hajavua baibui. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Jina lake limechafuka Kismayu yote. Lakini shingo yake anayo."

Sikuelewa. Nilielewa tu kwamba wamenusurika wote wawili, na kwamba mimi ndimi niliyewanusuru.

Siku chache baadaye, saa ya jua kali, mlango uligongwa na akaingia Bwana wa Ghala. Hakuwahi kufika kwetu hata mara moja. Alikuwa mwembamba, nadhifu, amenyoa vizuri. Alishika koti la kijivu mkononi. Alitaka ashonewe utepe mweusi wa matanga kwenye mkono wa koti, na alitaka sasa hivi, angengoja.

Shangazi akachukua koti. Akakata kitambaa cheusi. Akashona kwa mkono, si kwa cherehani, mishono midogo midogo, na yule bwana alikaa pale akimtazama kila alipopitisha sindano. Alizungumza kidogo kwa Kitaliani. Alikuwa akisema, kama nilivyoambiwa baadaye, kwamba mkewe alimsifu sana Mwanamize, kwamba si kawaida kumpata mwanamke wa hapa anayesoma, na kwamba kusoma sana kunachosha macho. Shangazi akajibu ndiyo bwana, kunachosha.

Kisha alinigeukia mimi. Alitabasamu. Alitia mkono mfukoni akatoa peremende iliyofungwa karatasi ya kung'aa, akanipa kiganjani.

"Sema ahsante," Shangazi akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye sindano.

Nikasema ahsante. Alisubiri nile. Nilianza kuifungua karatasi, na Shangazi akasema kwa Kibajuni, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeniagiza maji, "Ukiitia mdomoni nitakuvunja mkono." Yule bwana hakujua Kibajuni. Nikaifunga tena, nikamwonyesha kwa ishara kwamba nitaiweka mpaka baada ya chakula. Akacheka. Akavaa koti lake, akaangalia utepe kwenye kioo, akatoka.

Shangazi alininyang'anya peremende akaenda kuitupa chooni. Aliporudi alikuwa ananawa mikono tena na tena. "Kusanya nguo zako," akasema. "Kesho tunakwenda kwa babako." Cherehani alimwachia Halimo.

Huko Chovae wanawake walimpokea kwa furaha, wakamzunguka wakitaka hadithi, maana sifa zake zilikuwa zimetangulia. Akawaambia vitabu vimebaki Kismayu, na kichwa chake kimebaki navyo. Hakusimulia. Alikaa kwa baba, akashona matanga ya mashua kwa sindano kubwa, na jioni alipika. Na mimi sikula.

Mama alidhani ni ukaidi. Baba alidhani nimezoea vya mjini. Shangazi hakudhani kitu mpaka siku ya Ijumaa aliponivalisha gauni jipya alilonishonea mwenyewe kabla hatujaondoka, likanizunguka kiunoni kama gunia. Alikishika kile kitambaa kilichozidi, akakikunja katikati ya vidole vyake. Alinigeuza. Alinitazama kucha. Akapitisha mkono kichwani kwangu, akautazama mkono wake.

"Umekula nini?" akaniuliza. "Nani amekupa kitu? Ile peremende, ulitia mdomoni?"

"Sikutia."

"Basi nini?"

Nikaanza kulia. Na kwa kuwa nilikuwa nalia nikasema yote: mkate uliofichwa chini ya nguo, kopo la supu, na maneno niliyoyasikia nyuma ya makuti. Nikamwambia najua kwamba yeye na Lali walimuua Sinyora, na nimemdanganya brigadia, na sitamwambia mtu, lakini chakula chake siwezi kukila.

Shangazi akakaa chini, mchangani, na nguo zake safi za Ijumaa. Kisha alinieleza, kwa maneno machache, kama mtu anayesimulia kitabu asichokipenda. Kwamba chakula kile alikipeleka ili Sinyora asile cha nyumbani kwake, na kwamba siku zile alizokula mkate wetu alipata nguvu hata akatembea bustanini. Kwamba alimwambia Sinyora wazi, kwenye kioo, huku ana pini mdomoni, kwamba asinywe tena kahawa ile. Sinyora akacheka kwa kujiziba mdomo, akasema, "Mwanamize, hivyo ni vitabu tu." Huenda alimsimulia mumewe kama kichekesho. Siku iliyofuata Shangazi alikuta Bwana wa Ghala amempiga marufuku mlangoni. Kwa Sinyora hakuwa tena na la kufanya. Akabaki na Lali wa kumwokoa, kwa sababu alijua watamtafuta nani.

"Kwa nini hukuwaambia karabinieri?"

"Niwaambie kwamba mimi nimemwona Mtaliani anaosha kikombe?"

Alikuwa ananitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama, na si kwa hasira, na wala si kwa huruma.

"Wewe ulijua nimeua mchu," akasema. "Uliamini hivyo kabisa."

"Ndiyo."

"Na bado ukanitetea."

"Ndiyo."

Nilitegemea anikumbatie. Hakunikumbatia. Alinishika mabega yote mawili, kwa nguvu mpaka nikaumia.

"Siku nyingine usifanye hivyo," akasema. "Umenisikia? Hata muuaji akiwa ni mimi."

Kisha akasimama, akakung'uta mchanga, akaingia jikoni. Akatoka na sinia la wali na samaki wa nazi, akaliweka baina yetu. Akamega tonge, akalitia mdomoni, akalitafuna taratibu akalimeza. Akangoja, mikono juu ya magoti, akinitazama usoni, mpaka mimi mwenyewe nilipoona kwamba imetosha, nikanyoosha mkono. Hatukulizungumza tena jambo lile. Lakini miaka yote niliyokaa naye, katika vita na baada ya vita, mpaka siku niliyoolewa, katika kila sinia alilonipakulia tonge la kwanza alikula yeye.